Eskaveta inatoa namba tano za hitilafu kwa mpigo, sensa mpya haikusaidia

Mtoto_wa_Pongwe

Habari za kazi wadau, wakubwa shikamooni.

Eskaveta ya tani 21, injini silinda 6 ya reli ya mafuta (bomba la presha kubwa linalogawa mafuta kwenye nozeli), umeme volti 24, masaa 11,400. Inachimba mawe ya chokaa huku Pongwe, Tanga. Tangu mvua hizi zianze monita inaleta namba hizi zote pamoja na hazifutiki:

SPN 3509 FMI 4
SPN 100 FMI 4
SPN 102 FMI 4
SPN 157 FMI 4
SPN 110 FMI 3

Dalili: stata inazunguka sana ndipo iwake, nguvu hakuna, mizunguko haivuki 1,400, na feni inavuma kwa kasi ya mwisho hata alfajiri injini ikiwa baridi kabisa. Presha ya oili kwenye monita ni sifuri, lakini tumefunga geji ya mkono ikasoma bar 3.5, kwa hiyo oili ipo. Sensa ya presha ya oili tumeweka mpya, namba zimebaki vilevile. Sasa tajiri anataka ziagizwe Dar sensa tatu zilizobaki.

Kabla hela haijatumwa: kweli sensa nne zinaweza kufa siku moja? Nina mita ya kawaida na mchoro wa wayaringi wa mashine hii kwenye simu. Kompyuta ya kupimia sina.

FundiMita

Marahaba. Hela isitumwe kwanza. Sensa nne kufa siku moja ni mpaka radi ipige au mtu achomelee bumu bila kukata betri.

Namba ina nusu mbili. SPN inakutajia njia ya umeme, haikutajii kifaa kibovu. FMI inakwambia kompyuta imeona nini kwenye njia hiyo. Kwako: 100 ni presha ya oili, 102 ni presha ya hewa ya tabo, 157 ni presha ya reli ya mafuta, 110 ni joto la maji ya injini. Hiyo 3509 si sensa kabisa. Ni umeme wa volti 5 ambao kompyuta ya injini inautoa kulisha sensa, njia ya kwanza. Njia ya pili ingekuja 3510.

FMI 4 maana yake volti iko chini kuliko inavyotakiwa. FMI 3, volti iko juu. FMI 5 njia imekatika, FMI 6 umeme unaopita umezidi. FMI 2 taarifa inarukaruka. FMI 0 na 1, pamoja na 15 hadi 18, ni ukoo mwingine: hapo sensa inasema kitu chenyewe kimezidi au kimepungua, na ukikimbilia kubadilisha sensa unaweza kuua injini. Ingekuwa 100 FMI 1 ningekwambia zima sasa hivi, funga geji. Wewe geji umeshafunga, umefanya vizuri.

Sasa ziangalie namba zako kwa pamoja. Sensa tatu za presha zina waya tatu kila moja: wa volti 5, wa kurudisha, na wa ishara. Zote tatu zinanyonya volti 5 kwenye chuchu moja. Ishara yake ni sehemu ya umeme iliopewa, kwenye nyingi ni kati ya volti 0.5 na 4.5. Mlisho ukianguka hadi volti 1, sensa nzima kabisa itatoa ishara ya chini na kompyuta itaandika FMI 4 kwa kila mmoja. Kwa hiyo 3509 ndiyo mama, hizo tatu ni watoto. Ndiyo maana sensa mpya haikubadilisha kitu.

110 FMI 3 iweke kando. Sensa ya joto ina waya mbili tu na haimo kwenye mlisho huu. Hiyo ni kesi nyingine iliyoingia kwa mvua ileile, tutairudia. Feni nayo ni mtoto wa 110: kompyuta ikikosa joto la maji inafungulia feni yote ili isiunguze injini.

Kinachoangusha volti 5 ni kimojawapo kati ya hivi: sensa moja imepiga shoti ndani na kuwavuta wenzake (samaki mmoja akioza, hapa ni fizikia tupu), waya wa volti 5 umechubuka na kugusa bodi, plagi imejaa maji, au kompyuta yenyewe. Ya mwisho ni nadra, usianze nayo.

Pima hivi:

1. Betri kwanza. Injini imezimwa, 24.5 hadi 25.5. Stata ikizunguka isishuke chini ya 18. Injini ikiwaka, 27.5 hadi 28.5. Betri mbovu huleta namba za uongo za kila aina.

2. Zima swichi. Vua plagi ya sensa ya presha ya oili, maana ndiyo iliyo karibu na mkono. Washa swichi bila kupiga stata. Pima kwenye plagi upande wa wayaringi, kati ya waya wa volti 5 na wa kurudisha. Nambari za pini zisome kwenye mchoro wa mashine yako kwa namba yake ya utambulisho (serial). Kwenye CAT mara nyingi A ni volti 5, B kurudisha, C ishara, lakini usiipeleke kanuni hiyo kwenye kila mashine. Unatakiwa kuona karibu na 5.0, tuseme 4.84 hadi 5.16.

3. Ukikuta pungufu, acha mita pale pale. Zima swichi, vua plagi ya sensa ya tabo, subiri nusu dakika, washa swichi, soma. Kisha ya reli vilevile. Kule kuzima na kuwasha si mapambo: kompyuta nyingi zikishaona shoti zinafunga mlisho na hazirudishi mpaka swichi izimwe. Watu wengi wanavua sensa mbovu, wanasoma bado sifuri, wanaendelea kutafuta mbele ya mwizi.

Volti 5 ikirudi baada ya kuvua sensa fulani, hiyo ndiyo mbovu, nunua hiyo moja. Isiporudi na zote zimevuliwa, tatizo liko kwenye waya. Hakikisha kwenye mchoro hakuna kifaa cha nne kwenye mlisho huo. Mashine nyingine zina kitufe cha kuongezea mizunguko humo humo.

Tahadhari mbili. Sensa ya reli vua PLAGI tu, sensa yenyewe usiiguse na spana. Mle ndani presha inapita bar 1,000 injini ikifanya kazi, na hata baada ya kuzima ngoja dakika 10 kabla ya kulegeza chochote cha mafuta. Pili, waya za nozeli usizichomeke mita. Zina volti nyingi kuliko betri.

Kamanda_Ngamiani

Mnamzungusha bure kijana. Chukua volti 5 kwenye chaja ya simu ya gari, lisha sensa zote kwa waya mpya. Kwenye 110 weka rizista ya kilo-ohm 1 kwenye plagi, monita itanyamaza na feni itatulia. Mashine ifanye kazi.

Dada_Koneta

Kaka yangu wa Ngamiani, hiyo ya rizista itazima kelele na kuacha moto. Kompyuta itaamini maji yako kwenye joto moja daima. Mpira wa rejeta ukipasuka saa saba mchana pale machimboni, hakuna atakayejua mpaka hediketi iungue. Na ya chaja: ishara ya sensa inahesabiwa kwa kulinganishwa na volti 5 ya kompyuta yenyewe. Chaja ikitoa 5.2 na kompyuta inatarajia 5.0, presha ya reli itasomwa kubwa kuliko ilivyo, kompyuta itapunguza mafuta, na utatafuta pampu bure. Tena shoti yenyewe bado ipo. Sasa unailisha kwa kitu kisicho na kinga.

Mtoto wa Pongwe, nyongeza juu ya alichosema FundiMita kuhusu namna ya kupima, kwa sababu hapa ndipo watu wanazalisha hitilafu ya pili.

Usiingize ncha nene ya mita mbele ya pini ya kike. Inatanuka, na baada ya wiki mashine inaanza kukata kwa mtikisiko, namba inakuja na kuondoka. Ingia kwa nyuma ya plagi, pembeni ya waya, kwa sindano nyembamba. Kama lazima upime kwa mbele, tumia pini ya kiume ya saizi ileile uliyoitoa kwenye plagi kuukuu. Kuchoma ngozi ya waya kwa sindano katikati ya njia usifanye kabisa ukanda huu wetu: tundu moja dogo, upepo wa bahari unaingia, shaba inageuka kijani kwa ndani, waya unaonekana mzima kwa nje na ndani ni unga.

Kila plagi unayovua iangalie hivi. Sili ya mpira ipo na haijakunjamana? Pini zote zimesimama usawa mmoja, au kuna iliyorudi nyuma? Kabari ya plastiki ya kushikilia pini ipo? (Kwenye plagi za chapa ya Deutsch ni ya chungwa upande mmoja na ya kijani upande wa pili, na mafundi wanaipoteza kila wanapofungua.) Matundu yasiyo na waya yamezibwa? Kuna oili ndani? Oili ndani ya plagi ya sensa ya presha maana yake sensa inavuja kupitia mwili wake, na hiyo inabadilishwa hata kama bado inasoma.

Vumbi la chokaa la Pongwe ni baya kuliko udongo mwekundu. Likilowana linakuwa uji, unaingia chini ya klipu za waya, ukikauka unakuwa msasa. Na mkiosha mashine kwa maji ya kisima yenye chumvi kwa mashine ya presha, mnaisukuma chumvi ndani ya sili. Safisha pini kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme na brashi laini ya nailoni. Petroli na dizeli hapana, zinavimbisha sili. Msasa hapana, unaondoa mng'ao wa juu wa pini na kutu inarudi haraka. Grisi ya silikoni paka kwenye sili kidogo tu. Ukijaza plagi grisi ya kawaida ya kijiko, unazuia pini zisigusane vizuri na unafungia maji ndani.

Mtoto_wa_Pongwe

Ahsanteni. Vipimo:

Betri 25.1. Stata ikizunguka 20.8.
Plagi ya oili, volti 5 na kurudisha: 0.7
Baada ya kuvua ya tabo, swichi zima, washa: 0.7
Baada ya kuvua ya reli: 0.7

Mchoro unaonyesha sensa hizi tatu tu kwenye mlisho huo. Ndiyo kusema kompyuta imekufa?

FundiMita

Bado. Ndiyo kusema sensa zote tatu hazina hatia, na pesa ya tajiri imepona. Sasa tenganisha waya na kompyuta.

Zima swichi, kata swichi kuu ya betri, subiri dakika 2. Vua plagi kubwa ya kompyuta ya injini. Plagi hiyo haivuliwi kamwe umeme ukiwepo. Sensa zote tatu ziache zimevuliwa. Weka mita kwenye ohm, gusanisha ncha zake uone inasoma ngapi yenyewe, mara nyingi 0.2 au 0.3, ukumbuke kuitoa. Kisha pima kutoka pini ya volti 5 ya plagi ya sensa ya oili hadi kwenye chuma cha injini, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Pima pia hadi pini ya kurudisha, na hadi kila pini ya ishara.

Waya mzima unaonyesha njia iko wazi, mita haisomi kitu, au maelfu mengi ya ohm. Ukipata ohm chache hadi kwenye chuma, waya umegusa bodi. Ukipata ohm chache hadi waya wa kurudisha, nyaya mbili zimeshikana ndani ya fungu. Mamia kadhaa yanayocheza cheza ni maji au uji wa chokaa ndani ya plagi.

Kama waya uko wazi kabisa, chomeka kompyuta peke yake, sensa zimevuliwa, washa swichi, na upime volti 5. Ikija 0.7 hapo ndipo tunaanza kuishuku kompyuta, na hata hapo angalia kwanza ethi zake.

Ukikuta shoti usipasue fungu lote la waya. Msaidizi aangalie mita, wewe tikisa fungu kipande kwa kipande kuanzia sensa ya mbali. Mita itakapobadilika umefika. Sehemu za kutazama mwanzo: nyuma ya stata, pale fungu linapopinda kuzunguka tangi la filta ya oili, chini ya klipu za chuma ambazo mpira wake umekatika, na popote waya unapopita juu ya bomba la chuma la mafuta. Kamba ya plastiki iliyokazwa sana nayo inakata ngozi ya waya polepole. Panya msiwasahau, hasa kama mashine ililala wiki mbili karibu na mashamba ya mkonge.

Mzee_Greda

Vijana, nisaidieni na hili wakati mko hapo. Greda ya CAT, namba zinakuja na kupotea, kila mara inataja kifaa tofauti, FMI 9 (taarifa haziji kwa wakati), na SPN 639 (mstari wa mawasiliano) imo. Nimeambiwa nipime ohm 60 kwenye plagi ya kupimia, pini C na D. Napata upuuzi.

FundiMita

Shikamoo mzee wangu. Unapata upuuzi kwa sababu C na D ni za mashine zinazofuata mpangilio wa kawaida wa plagi ya pini 9. CAT plagi ileile ameipanga kivyake: A ni betri chanya, B hasi, D na E ni mstari wake wa zamani wa mawasiliano, na mstari wa CAN (nyaya mbili ambazo kompyuta za mashine zinazungumzia) uko F na G. Pima F na G, betri imekatwa.

60 ni nzima, maana kuna rizista mbili za 120 mwisho hadi mwisho wa mstari. Ukipata 120, rizista moja haipo au waya umekatika katikati. Karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. 40, kuna mtu ameongeza rizista ya tatu, hii hutokea baada ya kufungwa kifaa cha kufuatilia mashine. Ikiwa 60 na bado inakata, tikisa kwenye kiungio cha katikati ya mwili wa greda, pale inapokunja kiuno. Fungu la waya pale linapindwa kila siku. Ukiunga tena, nyaya mbili za CAN zibaki zimesokotwa hadi karibu kabisa na plagi.

Mzee_Greda

Marahaba mwanangu. F na G: 120. Nimeelewa pa kwenda.

Mtoto_wa_Pongwe

Volti 5 hadi chuma cha injini: ohm 3.2. Hadi kurudisha: wazi. Hadi ishara: wazi.

Kutikisa: fungu linalopita nyuma ya stata, mita iliruka kutoka 3 hadi 900 kisha wazi. Klipu ya chuma, mpira wake umekwisha, uji wa chokaa umeganda chini yake. Waya mmoja ngozi imetoka kama sentimita 1 na nyuzi karibu nusu zimekatika. Mwingine umekwaruzwa, shaba haionekani. Nifunge tepu?

Dada_Koneta

Tepu nyeusi peke yake hapo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Karibu na stata kuna joto, gundi yake itayeyuka na kukusanya vumbi.

Ule uliokatika nyuzi: kata hadi ufike kwenye shaba nyekundu inayong'aa, pande zote mbili. Ukikata sentimita 2 shaba bado nyeusi au kijani, endelea kukata. Unga kipande cha waya wa unene uleule, kwenye sensa ni kama milimita mraba 0.8 hadi 1, waya wa nyuzi nyingi na si ule mmoja mgumu wa nyumba. Viungio viwili vibane kwa koleo la kubania. La kawaida la kukatia halifai. Kisha kila kimoja kivishe bomba la kusinyaa kwa joto lenye gundi ndani, lipite kiungio milimita 15 kila upande. Bomba ulivishe kwenye waya KABLA ya kubana. Nalisema kwa sababu.

Risasi ya kuchomelea kwenye injini siipendi: pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, na mtikisiko unaukata hapohapo. Wanaoipenda wapo, na kwenye kabini inakaa. Nyuma ya stata hapana.

Waya uliokwaruzwa uvishe bomba la kusinyaa pia. Viungio vya nyaya jirani visikae sambamba, achanisha kwa sentimita 4 hivi. Halafu funika fungu kwa bomba la plastiki lenye mikunjo, badilisha klipu kwa yenye mpira mpya, na sogeza fungu lisiguse chuma. Klipu ikibaki ileile mtarudi hapa kabla ya vuli.

FundiMita

Kabla hujarudisha plagi ya kompyuta pima tena hadi chuma: lazima iwe wazi, hata ukitikisa. Baada ya hapo chomeka kompyuta, washa swichi, ona 5.0, ndipo chomeka sensa moja moja ukiangalia volti isishuke.

Kisha fungua ukurasa wa vipimo kwenye monita, injini imezimwa, swichi imewashwa. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta na kinakamata sensa inayodanganya bila kutoa namba. Oili isome 0. Reli isome 0 au karibu. Presha ya tabo, kama monita inaonyesha presha kamili, isome sawa na hewa ya nje: hapa Tanga usawa wa bahari ni kama 101 kPa. (Mashine ikiwa Lushoto, itasoma kama 86, na ni sahihi.) Ikisoma 140 injini imezimwa, sensa imepotoka. Na asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji, la hewa na la mafuta yawe karibu sawa, tofauti ya nyuzi 3 au 4 tu. Inayojitenga na wenzake ndiyo ya kuitazama.

Sasa 110. Kwenye sensa hii ya waya mbili, njia ikikatika volti ya ishara hubaki juu, ndiyo maana inakuja FMI 3. Vua plagi ya sensa ya joto. Pima ohm za sensa yenyewe, pini kwa pini. Kisha kwenye plagi upande wa wayaringi, swichi imewashwa, pima volti kutoka pini ya ishara hadi chuma. Mwisho unganisha pini mbili za plagi kwa kipande cha waya uone FMI inageuka kuwa 4 au la. Ikigeuka, waya na kompyuta ni wazima na sensa ndiyo mbovu. Isipogeuka, njia imekatika.

Mtoto_wa_Pongwe

Volti 5 imerudi: 5.02, na sensa zote zimechomekwa 5.01. Namba 3509, 100, 102 na 157 zimehamia kwenye kumbukumbu, hazipo hai tena. Injini inapanda hadi mwisho. Oili 0, reli 0, tabo 101.

110 bado:
Sensa: ohm 1,650, jua la saa nne, nyuzi 31.
Pini ya ishara hadi chuma: 4.9
Nimeunganisha pini mbili: bado FMI 3.

FundiMita

1,650 kwa nyuzi 31 ni ya sensa nzima, kama ni ile aina ya Bosch: 2,500 kwa nyuzi 20, 186 kwa nyuzi 100. Ukitaka uhakika itoe injini ikiwa baridi na uitumbukize ncha kwenye maji yanayochemka. Kwa urefu wetu wa Tanga maji yanachemka kwenye 100, huhitaji kipimajoto.

Umeona 4.9 kwenye pini ya ishara, basi waya wa ishara ni mzima hadi kwenye kompyuta. Ukiunganisha haigeuki, basi kilichokatika ni waya wa kurudisha. Sensa nyingine zinatumia njia hiyohiyo ya kurudisha na zinafanya kazi, kwa hiyo mkato uko kwenye tawi la sensa hii peke yake. Usipasue chochote. Vuta waya wa kurudisha polepole kwa nyuma ya plagi.

Mtoto_wa_Pongwe

Umetoka na pini yake! Pini imerudi nyuma, kabari ya plastiki haipo kabisa.

Dada_Koneta

Pini kama haijatanuka, isukume hadi usikie mlio wa kukamata, ivute kidogo kwa nyuma uhakikishe imeshika. Kabari tafuta kwenye plagi kuukuu yoyote ya Deutsch ya pini idadi ileile, upande uleule. Bila kabari itarudi nyuma tena.

Mtoto_wa_Pongwe

110 imeondoka, feni imetulia. Swali la mwisho: sensa ya oili ya zamani niirudishe, au mpya ibaki?

FundiMita

Linganisha namba ya kifaa iliyochongwa kwenye mwili wa zote mbili. Kuna sensa zenye uzi na plagi ileile, moja inapima hadi bar 7 na nyingine hadi bar 10. Ukifunga isiyo yake haitoi namba ya hitilafu, inadanganya tu kwenye geji. Namba zikilingana acha mpya, ya zamani ifunge kwenye karatasi iwe akiba. Zisipolingana rudisha ya zamani leo. Kwa vyovyote injini ikishapata moto linganisha monita na geji yenu ya mkono, kwenye sailensa (mizunguko ya chini bila kukanyaga mafuta) na kwenye spidi ya kazi. Kama injini ni ya Cummins familia ya B, kiwango cha chini kabisa ni 69 kPa kwenye sailensa na 207 kwenye spidi ya kazi. Nyingine fuata kitabu chake.